Mstari wa Mia Sita Arobaini

Ni nani aliyeandika mstari wa mia sita arobaini? Nimejiuliza swali hili tangu siku muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mmoja wa soko la Kadutu alipoukanyaga bila kujua, na leo, nikiwa nimestaafu na meza yangu imekwisha kupewa mwingine, bado sina jibu. Mugisho, aliyekuwa akichapa, anasema nilimsomea mimi. Mimi nakumbuka nikimsomea mistari ya vyakula, ya mvua, ya wageni na ya magonjwa, huo sikumbuki. Daftari letu halisaidii. Lina miandiko miwili iliyochanganyika, na ukurasa wenyewe uliloweshwa na paa lililokuwa likivuja juu ya kabati.

Nyinyi mliobaki kituoni mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyotengeneza Lupango, ule mchezo wa nyumba unaochezwa kwenye mashine. Mkifungua programu yake mtaona kwamba namba za mistari, zinazokwenda kwa makumi, zinaruka kutoka 630 hadi 650. Msidhani ni kosa la kuchapa. Na nawaomba sana, msipajaze. Haya ninayoandika yote ni maelezo ya pengo hilo.

Vyeo vyangu mtavikuta kwenye jalada, havina hadithi. Karatasi ya kustaafu ilinifikia nikiwa na miaka hamsini na mmoja, mapema kuliko kanuni inavyotaka, na sababu iliyoandikwa ni afya. Afya yangu ni nzuri, asanteni.

Nilirudi Bukavu kutoka Kisangani na shahada ya hesabu, katika majira yale tulipoambiwa na serikali kwamba majina yetu ya ubatizo hayakuwa yetu. Niliondoka nyumbani nikiitwa kwa jina la mtakatifu. Nikarudi nikiwa Nsimire tu, na Citoyenne, yaani mwananchi, mbele yake. Kituo kilikuwa ukumbi mmoja mrefu nyuma ya parokia, huko Kadutu. Tulifundisha watu wazima kusoma, kuandika, na kupanga maisha ya nyumba. Nilitarajia ubao na chaki. Nilimkuta Papa Cirimwami, mwalimu mzee aliyekwisha kustaafu shuleni, amepiga magoti akichora nyumba kwenye sakafu.

"Weye njo ulisoma hesabu?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, Papa."

"Ni muzuri. Sasa ikala chini."

Nikakaa chini na sketi yangu ya chuo kikuu. Alikuwa amechora lupango kamili, yaani kiwanja na nyumba yake: vyumba viwili, jiko, kisehemu cha shamba, choo, mlango wa barabarani. Kutoka kwenye kopo alitoa maharage. Harage kubwa jekundu lilikuwa baba, jeupe lilikuwa mama, madogo yalikuwa watoto. Wachezaji walichota karatasi moja baada ya nyingine: mvua imeharibu paa, mgeni amefika, mtoto amefukuzwa shule, kifo. Kila karatasi ilitaka uamuzi. Papa Cirimwami hakumwambia mtu lipi ni sahihi. "Acha harage isikie njaa," alikuwa akisema, "mutu atajifunza pale." Hiyo ndiyo elimu yangu ya pili, na kwa unyofu nasema ilinifaa kuliko ya kwanza.

Jambo moja nalitaja sasa kwa sababu litarudi. Karatasi ya kifo ilipoliangukia harage kubwa jekundu, mzee alikusanya maharage yote, akayarudisha koponi na kusema, "Imekwisha. Tuanze tena." Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kopo. Nililishika miaka mingi, na sikuuliza lolote.

Papa Cirimwami alipofariki, nilirithi kopo. Miaka ikapita. Kisha mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha fizikia kwenye shule ya jirani alirudi kwao, akatuachia ordinateur yake, yaani kompyuta: kioo kidogo chenye herufi za kijani, kinanda kilichokosa kitufe kimoja, na disketi sita. Mugisho, fundi wa redio aliyejifunza lugha ya mashine peke yake kwa kitabu chenye kurasa pungufu, aliletwa aitunze. Alikuwa kapera, mkimya, mwenye mikono safi kupita kiasi. Disketi alizihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga pamoja na mchele mkavu, ili unyevu wa ziwa usizile. Mchele ule aliubadilisha kila mwezi na hakukubali mtu aupike. Mashine tuliifunika kwa kitenge. Kwa kuwa umeme ulikatika ulipotaka, tulikuwa na sheria ya mistari kumi: ukichapa kumi, unahifadhi, hata kama wazo liko njiani. Mpaka leo nikiandika barua nasimama kila baada ya mistari kumi.

Kwenye disketi mojawapo kulikuwa na mchezo kutoka huko Ulaya. Mtu mdogo anaishi katika nyumba kubwa, na kazi ya mchezaji ni kumkumbusha ale, aoge na alale. Tukawaita akina mama wa darasa la alasiri waje watazame. Mstari wa mbele alikaa Maman Cibalonza, mjane, muuza sambaza, mwanamke ambaye hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza.

"Ule mutu iko na nyumba ya byumba munane," alisema baada ya kutazama kwa muda, "na iko peke yake. Alikosea nini?"

"Hakukosea, Maman. Ndivyo anavyoishi."

"Bibi yake iko wapi?"

"Hana."

"Mama yake?"

"Haonekani."

"Basi iko mu prizo," alikata shauri. "Prizo yenye kuwa na frigo."

Ukumbi ukaicheka jela hiyo yenye friji mpaka watu wa mitaani wakachungulia madirishani. Lakini nilichokiona baadaye kilinishangaza. Hawakuondoka. Walimdharau mtu yule, walimwonea huruma, waligombana kama aoge kwanza au ale kwanza, na saa ya kufunga ilipofika waliuliza nani atamwangalia mpaka kesho. Jioni hiyo nilimwambia Mugisho kwamba tutahamisha lupango la Papa Cirimwami kutoka sakafuni na kuliweka kwenye kioo.

Ilituchukua misimu miwili ya mvua. Baba alikuwa herufi B, mama M, watoto nukta. Kuta zilikuwa alama za msalaba. Nilisoma kutoka daftarini, Mugisho akachapa. Nikiri pia yale yasiyonipendeza. Tulijua kwamba wakubwa wangekuja kuangalia, kwa hiyo tuliweka picha ya rais ukutani sebuleni, na tuliandika kwamba familia ikienda kwenye salongo, zile kazi za lazima za umma, siku ya Jumamosi, furaha ya nyumba inapanda. Akina mama walimtuma B kwenye salongo kila juma, M akabaki akifanya yake, na Maman Cibalonza alitazama furaha ikipanda, akasema wazi, "Mashine inadanganya." Nilijua inadanganya. Niliandika mistari hiyo kwa woga, nikijua ni woga.

Wageni ndio waliotutesa kwanza. Kwa kufuata mchezo wa yule mfungwa wa vyumba vinane, tulihesabu kila mgeni kama sahani iliyopotea. Wageni wakizidi, kioo kiliuliza: Mfukuze? Ndiyo au Hapana. Hakuna mama hata mmoja aliyebonyeza Ndiyo. Wote walishindwa, mmoja baada ya mwingine, watoto wao wa nukta wakalala njaa. Mugisho aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hawajui kucheza, nami nilikaribia kumkubalia.

"Mugisho," aliita Maman Cibalonza, aliyekuwa na masikio marefu, "siku ya mungu weye unakulaka kwa nani?"

"Kwa mama mudogo," alijibu Mugisho.

"Kila siku ya mungu?"

"Kila siku ya mungu."

"Na iko anakubonyeza Ndiyo?"

Tuliandika upya sehemu yote ya wageni. Mgeni sasa alikula sahani yake, lakini aliacha kitu: habari ya kazi, mbegu za soya, mahali pa kulala siku utakapokwama Minova na mzigo. Hapo ndipo mchezo ulipoanza kupendwa. Foleni ilifika barabarani. Wanaume walikuja wakisema wamekuja kukagua mashine, wakakagua mpaka jioni. Nyinyi mnaofikiri watu huvutwa na uzuri wa picha, kumbukeni kwamba yetu ilikuwa herufi za kijani na kitufe cha Z hakikuwepo. Watu walipenda kwa sababu waliweza kugombana na mchezo, na mchezo uliposhindwa ulibadilika.

Sasa nafika alasiri yenyewe. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata tukasemeshana kwa kelele. Maman Cibalonza alikuwa amecheza vizuri kuliko mtu yeyote kabla yake: shamba limelimwa, watoto wanne wako shuleni, mgeni wa Luhwindja amelala sebuleni. Kisha B akapata ugonjwa wa kifua, na katika siku tatu za mchezo akafa. Kioo kikafutika chote. Katikati likatokea neno moja: MWISHO.

Alisubiri. Akabonyeza kitufe, akabonyeza kingine.

"Mashine imekufa?"

"Hapana, Maman," nilimwambia. "Mchezo umekwisha. Baba amekufa."

Hakukasirika, ningependelea angekasirika. Aliweka kidole chake, chenye magamba ya samaki kwenye ukucha, mahali ambapo M alikuwa amesimama.

"Mwisho ya nani? Maman alikuwa mu jikoni. Nilimuacha na sufuria ku moto. Batoto bane banalala. Mugeni analala. Beko wapi?"

Mugisho alikuwa akitazama mikono yake.

"Miye bwana yangu alikufa, iko miaka tisa," aliendelea. "Kesho yake niliamuka, nikafuata samaki. Hakuna mutu aliniambia mwisho."

Baada ya wote kuondoka tuliutafuta. Mstari wa mia sita arobaini: baba akiwa sifuri, nenda mwisho. Hakuna zaidi. Mama akiwa sifuri, mchezo uliendelea. Tulikuwa hata tumeandika mstari wa kumtafutia baba mke mwingine. Mugisho akaniapia kwamba haukutoka kwake, nami nikamwapia. Labda ulitoka kwenye kopo la Papa Cirimwami, lakini yeye alikusanya maharage kwa mkono na hakuandika chochote. Mimi ni mwanamke, mama yangu alilea watoto saba bila mume, na mstari ule ulipita mbele ya macho yangu mara zisizohesabika ukaonekana kwangu kama ukuta au mlango. Mistari ya salongo ilitoka kwa woga, na mwenye woga nilimjua. Huu hakuna aliyetuamuru. Kati ya yote niliyofanya kazini, ndio unaonisumbua.

Tuliufuta. Kisha Mugisho akauliza, vidole vikiwa juu ya kinanda, "Baba amekufa. Kisha inatokea nini?"

Mimi mwenye shahada sikujua. Tuliwauliza wajane. Walikuja wa Kadutu, wakaja wa Kasha, wakaja wengine kutoka Minova waliokuwa mafunzoni, na mmoja wa Luhwindja ambaye mume wake alifukiwa na udongo kwenye shimo la dhahabu. Walituamuru, nami niliandika. Kwanza matanga. Halafu, matanga hayajaisha vizuri, ndugu za marehemu wanasimama mlangoni. Wanataka karatasi za lupango, wanataka redio, wanataka mabati, na mmoja anataka M mwenyewe. Kioo kinauliza: Unajibu nini? Wajane walitupa majibu mengi, na walibishana juu ya kila moja. Kupiga kelele kulishindwa karibu kila mara. Kukimbilia kwa kaka kulisaidia kama kaka yupo. Jibu lililosimama mara nyingi lilikuwa la utulivu: "Karibuni, mukae. Nitaita jirani wawili na mukristo mumoja mukubwa, tuongee mbele yao." Mlangoni pasipo na shahidi, M alipoteza nyumba. Mbele ya mashahidi, mara nyingi aliibakiza.

Nilifikiri tunatengeneza mchezo. Maman Cibalonza alikuwa anafanya mazoezi. Wakwe zake, ambao miaka tisa yote waliridhika kumtishia tu, walimletea habari kwamba mdogo wa marehemu anaoa na anahitaji lupango lile. Walipofika aliwakaribisha, akawakalisha, akaita majirani wawili na mkuu wa jumuiya ya kikristo, wakaongea mbele yao. Waliondoka bila karatasi. Lakini waliondoka pia na swali: mwanamke huyu amefundishwa na nani kuongea polepole namna hii?

Juma lililofuata alikuja mjumbe kutoka kwa wakubwa wa mkoa. Jina lake si la muhimu. Alivaa abakosi, ile suti ya serikali isiyovaliwa na tai, iliyopigwa pasi vizuri, alikuwa msomi, alikuwa na adabu, na ile adabu ndiyo iliyoniogopesha.

"Citoyenne, mchezo wenu umewapendeza wakubwa," alisema. "Utapelekwa kwenye vituo vyote vya mkoa. Nawapongeza."

"Asante, Citoyen."

"Kuna kitu kidogo tu. Mama hawezi kuwa kichwa cha lupango. Baba akifa, mchezo uishe, kama ulivyokuwa unaisha zamani. Ama mdogo wake aingie mahali pake. Nakuachia uchague."

"Sababu ni ipi?"

"Kuna familia imelalamika. Wanasema mjane wao anawajibu kwa maneno ya mashine."

"Mashine ndiyo inayojibu kwa maneno ya wajane, Citoyen."

Alitabasamu kama mtu anayesamehe. "Kesho saa tatu asubuhi nitakuja kuchukua disketi. Mstari uwe umerudi. Mstari mmoja, Citoyenne. Kwa ajili ya mstari mmoja mtu hapotezi kazi."

Alipoondoka, jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Tuliketi kwenye ngazi za ukumbi, mimi na Mugisho.

"Maman Nsimire, nitauandika miye," alisema. "Ni sekunde tano. Weye hautauona."

"Ndiyo maana sitaki."

"Watakutoa."

"Najua."

"Na wataleta mwingine, atauandika."

"Basi auandike," nilimwambia. "Mara ya kwanza uliandikwa na hakuna aliyejua ameuandika. Ukirudi, safari hii utakuwa na mwandishi, na watu watakuwa wamemwona."

Sikusema hivyo kwa ushujaa. Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Lakini nilikuwa nimekwisha kukubali picha ukutani, nikakubali salongo, na nilijua kwamba nikikubali na huu, nitakuwa mtu aliyekubali vyote. Kituo kile, kwa miaka yote, kiliwaambia watu wazima waamue na wabebe uamuzi wao. Nilimwomba Mugisho asije asubuhi, kwa kuwa alikuwa anajiandaa kuoa na haikuwa lazima majina mawili yaandikwe. Kisha nikapita sokoni. Maman Cibalonza alikuwa anafunika beseni lake.

"Kesho saa mbili na nusu," nilimwambia. "Lete wachezaji. Lete na viti, vyetu havitatosha."

"Kuna nini?"

"Mjumbe anakuja kuandika."

Alifunga kitenge kiunoni kwa nguvu zaidi. "Anajua kuandika ku ile mashine?"

"Kesho tutaona."

Asubuhi nilifika mapema. Nilifungua madirisha, nikatoa disketi kwenye mchele, nikaipuliza, nikawasha mashine na kungoja itulie. Nikaita programu, nikashuka mpaka mstari wa mia sita thelathini. Chini yake nikachapa namba tu, 640, nikaacha nafasi. Alama ya kijani ikaanza kuwakawaka mahali ambapo neno la kwanza lingekaa.

Akina mama waliingia kabla ya saa tatu, kila mmoja na kigoda chake. Hawakupiga kelele. Mugisho naye alikuja, mimi nikiwa nimemkataza. Alisimama nyuma karibu na kabati, mikono mfukoni. Saa tatu kamili mjumbe alikuwa mlangoni.

"Citoyenne, disketi."

"Iko ndani ya mashine, Citoyen. Umebaki ule mstari mmoja."

"Basi andika."

"Mimi siuandiki. Na fundi wangu hauandiki. Mahali pake ni hapa, pako wazi. Ukiuandika tutakupa disketi, na kwenye daftari tutaweka jina lako pembeni, tusije tukasahau kama mara ya kwanza."

Aligeuza macho kwenye viti na vigoda. "Hawa ni nani?"

"Ni bachezaji, Papa," alijibu Maman Cibalonza kwa upole wote, kwa sauti ile ile aliyowakaribishia wakwe zake. "Karibu, uikale. Tulikuja kukuangalia."

"Uende pole pole, Papa," akaongeza mama mwingine kutoka nyuma. "Bile bitufe biko mingi, na moja haiko."

Hakuna aliyecheka. Nilisimama kutoka mbele ya mashine. Nilipangusa kiti kwa ncha ya kitenge changu, nikakigeuza kumwelekea mjumbe, alama ya kijani ikiwakawaka nyuma ya kiti hicho. Kisha nikaenda kati ya akina mama, mahali ambapo zamani palichorwa lupango kwa chaki, nikakaa chini.